Jinsi ya kufuatilia historia ya hoteli kongwe ya mji mdogo

Wengi wakitaka historia ya hoteli ya zamani wanaenda mapokezi kuuliza ilifunguliwa lini. Hapo ndo mnapokosea, jengo linaweza kuwa na umri mara nne ya hoteli yenyewe. Angalia The Old Boma pale Mikindani, jirani na Mtwara: Wajerumani walilijenga 1895 liwe boma la utawala, likashikwa na Waingereza, likaja likachakaa vibaya, mpaka mwishoni mwa miaka ya 1990 shirika la Trade Aid la Uingereza likalikarabati ndo ikawa hoteli.

Kwaiyo anza na ukuta. Tafuta sehemu plasta imebanduka, mara nyingi uani au chini ya ngazi, uangalie ndani kuna nini. Mawe ya matumbawe yana vitundu na vialama kama vinyota na yameshikwa na chokaa, ukikuta saruji ya kijivu hapo ujue kuna mtu alirekebisha baadae. Alafu inua macho darini: boriti za mikoko ni fupi, kama mita 3 hivi, ndo maana vyumba vya zamani vya pwani ni vyembamba na virefu. Pima kwa futi, piga picha.

Sasa wazee, na hapa usiwe na haraka kabisa. Shikamoo kwanza, kaa barazani, simu ibaki mfukoni. Usiulize mwaka, uliza tukio: ilikuwa kabla ya uhuru au baada? Kusini uliza wakati wa karanga, yani ule mradi wa Waingereza wa mwishoni mwa miaka ya 1940 ulioleta bandari ya Mtwara. Na tafadhali uliza nani alichoma chokaa, nani alibeba mawe, maana makaratasi yamejaa majina ya mabwana wakubwa na mafundi wetu hawamo, inaniuma sana hii.

Makaratasi yenyewe yapo Nyaraka za Taifa, Dar, mafaili ya Wajerumani na vitabu vya wilaya vya Waingereza, ila ulizia kibali kabla hujapanda basi. Mzee na faili wakipishana, andika yote mawili.

Ukimaliza printi nakala umpelekee mzee, umsomee kwa sauti. Beba na kalamu, maana hapo ndo atakumbuka mengine.