Shahada ya uhandisi wa ujenzi: namna ya kuvuka miaka ya mwanzo

Kabla hujalipa karo, fungua tovuti ya Bodi ya Wahandisi Kenya (EBK) uangalie kama kozi unayoiingia imo kwenye orodha yao. Usitosheke na jina la chuo, kwani kinachokaguliwa ni kozi yenyewe. Fanya hivyo hata kama unaingia chuo kikubwa kinachojulikana, kiwe ni Chuo Kikuu cha Ufundi cha Mombasa pale Tudor au kwengine. Kozi isiyotambuliwa inaweza kukupa cheti, kisha ukwame kwenye usajili wa mhandisi mhitimu.

Masomo ni ya miaka 5, na wengi hukwama mwaka wa 1 na wa 2. Hesabu si ngumu kama zinavyosemwa. Tatizo ni kusoma majibu. Mwanafunzi anapata suluhisho la mtihani wa zamani kwenye simu, analifuata mstari kwa mstari, kila mstari unaeleweka, basi anaamini ameshajua. Akiingia chumba cha mtihani, mstari wa kwanza hauji. Funika jibu, pambana na swali dakika 20. Ukikwama, fungua mstari mmoja tu ule uliokushinda, halafu funika tena. Kesho yake lirudie swali lile lile tangu mwanzo, bila karatasi ya jana. Maswali matatu kwa njia hii yatakufaa kuliko kumi na tano ya kusomwa kitandani.

Anza na boriti moja

Chukua boriti ya mita 6 iliyoegemea ncha zake mbili, yenye mzigo ulioenea wa kN (kilonewtoni) 20 kwa kila mita. Ichore peke yake, uondoe kuta na nguzo, na kila kilichokuwa kikiishika ukibadilishe kuwa mshale. Mzigo wote ni kN 120, kwa hivyo kila ncha inabeba kN 60. Momenti kubwa, yaani nguvu ya kuipinda boriti, iko katikati: wL²/8 (w ni mzigo kwa mita, L ni urefu), yaani kNm 90.

Hiyo fomula usiikariri kavu. Ikate boriti katikati, ubaki na nusu ya kushoto: nguvu ya ncha mara umbali wake, 60 × 3, ni 180, toa mzigo wa nusu hiyo mara umbali wa kitovu chake, 60 × 1.5 ambayo ni 90, inabaki 90. Anayejua kukata hababaiki mzigo ukisogezwa upande mmoja. Mwenye fomula peke yake ataiandika hata pasipohusika, na wasahihishaji wanaliona kosa hilo kila muhula.

Sasa ipe boriti hiyo upana wa mm 225 na kina cha mm 450. Z, kipimo cha umbo la boriti dhidi ya kupindwa, ni 225 × 450² ÷ 6, yaani mm³ 7,593,750. Momenti nayo lazima igeuzwe iwe N·mm: 90 × 10⁶. Gawanya, upate mkazo wa N/mm² 11.9. Ukiigeuza hadi N·m tu, utapata 0.0119, na kikokotoo hakitakuonya.

Atakayekuonya ni wewe mwenyewe, ukiwa na mazoea ya kuliuliza jibu kama linawezekana. Konkriti huhimili kuvutwa kwa takriban sehemu moja ya kumi ya inavyohimili kukandamizwa. Konkriti ya daraja la 25, yaani inayohimili N/mm² 25 ikikandamizwa, basi huanza kupasuka mkazo ukifika 2 na kitu. Jibu la 11.9 linasema boriti bila chuma itapasuka upande wa chini, pale katikati, ndipo chuma kikuu kinapolazwa. Jibu la 0.0119 lingesema chuma hakihitajiki kabisa, na hapo ungejua kuna kitu hakijakaa sawa.

Maabara ya konkriti

Slampu ni kiasi ambacho konkriti mbichi hushuka koni ikiinuliwa. Koni yake ina urefu wa mm 300, mdomo wa juu mm 100 na wa chini mm 200. Ijaze kwa tabaka tatu, kila moja ishindiliwe mara 25 kwa fimbo ya mm 16. Sawazisha juu, futa kilichomwagika kando, kisha inua koni wima, polepole, bila kuizungusha. Ukiyumba kidogo konkriti huteleza upande mmoja, na kipimo hicho hakifai, rudia. Kwa joto la Mombasa usiache mchanganyiko ukae juani huku mkibishana nani ashike rula. Maji hupotea, konkriti hukaza, na mtaandika slampu ya chini kuliko ile iliyotoka kwenye mashine.

Kwa kyubu za mm 150, vipande vya kupimia nguvu ya konkriti, kalibu hupakwa mafuta ndani, hujazwa kwa tabaka tatu na kila tabaka hushindiliwa mara 35 au zaidi. Siku ya kuzivunja, geuza kyubu ili ule uso uliosawazishwa kwa mwiko ubaki ubavuni. Ukiuweka juu, mashine itagusa vinundu vichache tu na kyubu itavunjika mapema. Kabla ya kubonyeza, jua unachokingoja: eneo ni mm² 22,500, kwa hivyo daraja la 25 linahitaji kN 562.5 kwa siku 28. Siku ya 7 tarajia kama theluthi mbili, karibu kN 375.

Hapa pwani kuna mtego. Viwango vya Uingereza vinataka maji ya tangi la kutunzia kyubu yawe nyuzi 20, na maji yetu ni ya moto zaidi. Konkriti katika joto hukimbia mwanzoni, halafu mwisho wake huenda ukawa chini ya ulivyotarajia. Matokeo mazuri ya siku ya 7 yasikufanye utabiri ya siku ya 28. Andika joto la maji kwenye ripoti. Ni mstari mmoja tu.

Chumvi nayo si mada ya kitabuni tu. Angalia veranda za majengo ya zamani kando ya bahari: chuma kimepata kutu, kutu imevimba, konkriti imebanduka. Ndiyo sababu BS 8110, kanuni ya konkriti ya Uingereza iliyoondolewa huko mwaka 2010, ilidai konkriti ya C40 (daraja la 40) iwe na kifuniko cha mm 50 juu ya chuma pale panaporushiwa maji ya bahari. Na ukitumia BS 8110, mzigo ni 1.4 ya ule wa kudumu na 1.6 ya ule wa matumizi. Eurocode, kanuni za Ulaya, inasema 1.35 na 1.5. Chagua moja, uiandike juu ya ukurasa, wala usichanganye.

Upimaji

Nenda uwanjani asubuhi, kabla ya saa nne, kwani baadaye hewa ya joto hufanya namba za stafu (rula ndefu ya kusomea kimo) zicheze. Simamisha levo, darubini ya kupimia kimo, katikati ya pointi mbili, masafa yawe sawa nyuma na mbele, ili kosa la mstari wa macho lijifute lenyewe. Mshika stafu aiyumbishe taratibu mbele na nyuma, nawe uchukue somo (namba unayoisoma) dogo kabisa. Rudi hadi ulikoanzia. Jumla ya masomo ya nyuma kutoa ya mbele lazima ilingane na tofauti ya kimo cha mwisho na cha mwanzo; isipolingana, umekosea hesabu. Kosa la kufunga lenyewe, kipimo kinachotumika sana ni mm 12 mara kipeuo cha pili cha idadi ya kilomita. Usirekebishe namba kwenye daftari ili mzunguko ufunge. Mkufunzi mzoefu anajua, maana mzunguko wa wanafunzi unaofunga kwa sifuri ni nadra.

Mtihani na atachimenti

Katika vyuo vingi mtihani ni wa saa mbili: swali la kwanza la lazima lenye alama 30, kisha mawili ya alama 20. Hiyo ni dakika 50 kwa la kwanza na 34 kwa kila moja la hayo mengine. Dakika zikiisha, hama. Mchoro sahihi na mlinganyo wa kwanza huwa na alama hata kama jibu halikufika.

Barua za atachimenti, yaani mafunzo kazini, zitume mapema sana, hasa kwa KPA (mamlaka ya bandari), KeNHA (mamlaka ya barabara kuu) na kaunti, kwani waombaji ni wengi. Kwa mkandarasi mdogo wa Bamburi au Likoni mara nyingi utagusa kazi zaidi. Ukifika, omba ratiba ya vyuma, orodha ya vyuma vya jengo, uihesabu mwenyewe: kipenyo (mm) mara kipenyo, gawanya kwa 162, unapata kilo kwa mita. Chuma cha mm 12 ni kilo 0.889, kipande cha mita 12 ni kilo 10.7, tani moja ni kama vipande 94. Lori likileta tani mbili, simama na fundi mhesabu pamoja kabla stakabadhi haijatiwa saini.