Linux ikigoma kwenye kompyuta ya zamani, tazama tarehe kwanza

Ukiweka Linux, mfumo wa kuendesha kompyuta, kwenye mashine ya zamani ikagoma kupakua programu katikati ya kazi, usikimbilie kulaumu intaneti. Juzi hapa Ngamiani, Tanga, nilihangaika na kompyuta ya jirani tangu adhuhuri hadi magharibi, kumbe saa yake ilikuwa imerudi 2009! Tarehe ikiwa nyuma hivyo, vyeti vya usalama vya tovuti huonekana havijaanza kutumika, na muunganisho unakataliwa. Ingia BIOS (ukurasa wa mipangilio ya msingi unaofunguliwa kompyuta inapowaka), weka tarehe sahihi, kisha anza upya. Ikirudi nyuma tena kila ukichomoa umeme, basi betri ndogo ya duara iliyo ndani imekwisha. Nyingi ni CR2032, volti 3. Tafadhali, chomoa waya wa umeme kabla hujaigusa.