Namna ya Kuandaa Taarifa ya Hali Yako Kabla ya Kliniki ya Baridi Yabisi: Mwongozo kwa Wagonjwa wa Tanga na Jamaa Zao

Mgonjwa wa baridi yabisi (ule ugonjwa wa kuvimba viungo uitwao kitaalamu rheumatoid arthritis) anayetibiwa hospitali ya Bombo, au anayepewa rufaa ya kwenda Muhimbili ama KCMC, hukaa mbele ya daktari kwa dakika chache tu, kisha hurudi nyumbani na kuishi na viungo vyake kwa mwezi mmoja, miwili au mitatu. Kipimo cha damu kitaonyesha kiasi cha uvimbe mwilini siku ile damu ilipotolewa, na vidole vya daktari vitahesabu viungo vilivyovimba asubuhi ile. Lakini maumivu ya usiku, uchovu unaomlaza mtu mchana, na kazi za nyumbani alizolazimika kumwachia binti yake havina mashine ya kuvipima, wala havimo kwenye faili mpaka mwenyewe avitaje.

Kuvitaja ndiko kunakotushinda. Watu wa pwani tumelelewa kumjibu anayetujulia hali kwa shukrani kwanza. Daktari akiuliza, "Unaendeleaje, mama?" jibu huwa, "Namshukuru Mungu, sijambo, baba," hata kama mama huyo alivalishwa na mjukuu wake asubuhi ile. Adabu hiyo ni njema barazani, lakini ikiingia kwenye faili husomeka kuwa mgonjwa amepata nafuu, na dozi hubaki ilivyokuwa. Mwongozo huu unaeleza namna ya kuipa hali yako namba na maneno machache, ili shukrani ibaki mahali pake na daktari naye apate anachokihitaji.

Kutumia maelezo ya mgonjwa kama kipimo si jambo la kubuni. Mwaka 1980 watafiti wa Chuo Kikuu cha Stanford, Marekani, walichapisha dodoso linaloitwa HAQ, linalomuuliza mgonjwa ameweza kufanya nini katika wiki iliyopita, na hadi leo dodoso hilo na mengine yaliyotokana nalo hutumika duniani kote. Uchovu ulichelewa zaidi. Ni mpaka mwaka 2002, katika mkutano wa OMERACT, kundi la kimataifa la wataalamu wa vipimo vya magonjwa ya viungo, uliofanyika Australia, ambapo wagonjwa walioalikwa waliwaeleza wataalamu kwamba uchovu unawatesa nao hauulizwi, na miaka michache baadaye ukapendekezwa upimwe katika utafiti wa ugonjwa huu. Nalitaja hili kwa sababu wapo wagonjwa wanaoona haya kuuzungumzia uchovu, wakidhani wataonekana wavivu.

Anza kwa kutafuta daftari dogo la shule, ambalo halitakuwa na kazi nyingine. Chagua siku moja ya wiki na saa moja ya siku, kwa mfano Ijumaa asubuhi kabla ya kumeza dawa ya maumivu, na ushike siku hiyo hiyo kila wiki. Wanaoandika siku ya mateso peke yake hupata daftari la mateso, na wanaoandika siku ya nafuu hupata daftari la nafuu, kumbe daktari anahitaji mwenendo mzima. Asiyejua kusoma na kuandika amwombe mtu mmoja wa nyumbani amsomee maswali na kuandika majibu, na awe mtu huyo huyo kila mara. Mwandishi asijibu kwa niaba ya mgonjwa, na asimsahihishe kwa kusema, "Lakini mama, jana si ulikwenda Mgandini sokoni?" Jibu ni la mgonjwa.

Kila wiki jaza dodoso fupi liitwalo RAPID3, ukianza na namba mbili. Ya kwanza ni maumivu ya siku saba zilizopita, kuanzia 0 hadi 10, ambapo 0 ni kutokuwa na maumivu kabisa na 10 ni maumivu makali kupita yote unayoweza kuyafikiria. Ya pili ni hali yako kwa jumla, ukizingatia kila namna ugonjwa unavyokugusa, ambapo 0 ni vizuri sana na 10 ni vibaya sana. Hapa watu wengi hukosea, kwa kuwa shuleni kumi kwa kumi ndiyo alama ya kufaulu. Katika dodoso hili namba kubwa ni habari mbaya, kwa hiyo juu ya ukurasa wa kwanza andika kwa herufi kubwa: SIFURI NI NZURI, KUMI NI MBAYA.

Fuata na maswali kumi ya kazi za mwili, ambayo nayo ni ya dodoso hilo hilo la RAPID3. Dodoso linauliza kama katika wiki iliyopita uliweza kuvaa nguo mwenyewe, pamoja na kufunga vifungo na kamba za viatu. Kuingia kitandani na kutoka. Kuinua kikombe kilichojaa hadi mdomoni. Kutembea nje mahali tambarare. Kuoga na kujifuta mwili mzima. Kuinama na kuokota nguo sakafuni. Kufungua na kufunga bomba. Kupanda na kushuka kwenye gari, basi au chombo kama hicho. Kutembea kama kilomita tatu ukitaka. Na kushiriki michezo na burudani upendavyo. Kila swali hupewa 0 kama uliweza bila taabu yoyote, 1 kama kwa taabu kidogo, 2 kama kwa taabu kubwa, na 3 kama hukuweza kabisa. Kinachoulizwa ni uwezo wako mwenyewe. Mtu anayesaidiwa kuoga hawezi kuandika 0 kwa kuwa ameoga.

Hesabu yenyewe ni nyepesi. Jumlisha alama za maswali kumi, gawanya kwa 3, kisha ongeza namba ya maumivu na ile ya hali kwa jumla. Tuseme mgonjwa wa Makorora amepata 14 katika maswali kumi, maumivu 6 na hali kwa jumla 5. Kumi na nne ukigawanya kwa 3 ni 4.7, na jumla yote ni 15.7 kati ya 30. Jumla inayozidi 12 huonyesha ugonjwa mkali. Zaidi ya 6 hadi 12 ni wa wastani. Zaidi ya 3 hadi 6 ni mdogo. Na 3 kushuka chini ni karibu na kutulia. Ikiwa baada ya miezi mitatu ya dawa mgonjwa huyo anapata 8 katika maswali kumi, maumivu 3 na hali 3, jumla yake ni 8.7. Ameshuka kwa kiasi kinachoonekana, lakini bado yuko kwenye daraja la wastani, na hapo yeye na daktari wana jambo la kujadili. Miongozo ya Ulaya ya tiba ya baridi yabisi hushauri dawa ibadilishwe au iongezwe ikiwa hakuna nafuu ndani ya miezi mitatu, au ikiwa lengo, yaani ugonjwa kutulia au angalau kuwa mdogo, halijafikiwa katika miezi sita. Mgonjwa mwenye daftari huona mwenyewe miezi hiyo inavyokwenda.

Maswali hayo yaache yalivyo, usiyabadilishe, maana mipaka ya alama iliwekwa kwa kuyatumia hayo. Hata hivyo ni kweli kwamba hayakutungwa kwa ajili ya nyumba za Ngamiani, na bomba la maji halisemi mengi kwa mtu ambaye taabu yake kubwa iko kwenye mbuzi ya nazi. Kwa hiyo chini ya alama andika kazi tatu za kwako, uzipe 0 hadi 3 kwa utaratibu ule ule, lakini usizitie katika jumla. Chagua kazi unazozifanya kweli. Kukuna nazi na kukamua tui hupima kiganja na kifundo cha mkono kuliko swali lolote la dodoso. Vivyo hivyo kukamua kanga iliyofuliwa, kusukuma chapati, na kusuka ukili. Kuchutama msalani na kuinuka bila kushika ukuta hupima magoti na nyonga. Anayeswali aandike kama anaweza kusujudu na kuinuka, au sasa anaswalia kwenye kiti. Mvuvi wa Deep Sea aandike kuhusu kuvuta nyavu, na mpanda baiskeli, ambao Tanga hawahesabiki, aandike kama vidole vinaweza kubana breki. Sentensi kama "mwezi wa pili nilikuwa nakuna nazi mbili, sasa hata nusu sifiki" humpa daktari picha ambayo namba peke yake haitoi.

Jambo linalofuata, nami nalihesabu kuwa la thamani kuliko yote baada ya maumivu, ni kukakamaa kwa viungo asubuhi. Usiandike "kidogo" au "sana". Andika saa uliyoamka na saa viungo vilipolegea kadiri ambavyo vingelegea siku hiyo. Kwa mfano: nimeamka saa 11:30 alfajiri, nimeweza kukunja ngumi saa 1:15 asubuhi, basi ni saa moja na dakika arobaini na tano. Baridi yabisi yenye uvimbe mara nyingi hukakamaza kwa zaidi ya nusu saa, hata saa moja na kuendelea, wakati goti lililochakaa kwa umri kwa kawaida hulegea kabla ya nusu saa na huuma zaidi jioni baada ya kazi. Watu huku huita maumivu yote ya viungo baridi yabisi, hata jongo, na muda huu wa asubuhi ni miongoni mwa mambo yanayomsaidia daktari kuyatenganisha.

Andika pia uchovu, 0 hadi 10 vile vile, na usiku ulilalaje. Kisha chora umbo la mtu, hata kama ni la kitoto, na utie alama mahali panapouma. Usiache miguu. Hesabu ya viungo 28, ambayo madaktari wengi huitumia, inahusu mabega, viwiko, vifundo vya mikono, vidole vya mikono na magoti. Vifundo vya miguu na vidole vyake havimo. Mgonjwa ambaye ugonjwa wake umehamia nyayoni anaweza kupata hesabu nzuri huku akishindwa kuvaa ndala. Ukiwa na simu yenye kamera, piga picha ya kiungo siku kinapovimba, maana siku ya kliniki viungo vina tabia ya kutulia.

Mchoro huo una kazi nyingine ambayo haisemwi sana: humsaidia daktari kuona maumivu yanatoka wapi. Alama ya juu haimaanishi kila mara kwamba baridi yabisi imepamba moto. Goti lililochakaa, upungufu wa damu, kukosa usingizi, huzuni ya kufiwa au maumivu ya misuli ya mwili mzima vinaweza kuipandisha jumla hata pale viungo havina uvimbe. Daktari akikwambia, "Alama zako ni kubwa lakini sioni uvimbe," usidhani anakuita mwongo. Tiba inayofaa huenda ikawa tofauti na kuongezewa dawa za kuzuia kinga. Ndiyo maana baadhi ya madaktari huunganisha namba yako na yao katika kipimo cha CDAI, kinachojumlisha viungo vinavyouma, viungo vilivyovimba, namba ya mgonjwa na namba ya daktari, bila kuhitaji maabara. Mahali ambapo vitendanishi, yaani kemikali za kupimia, huisha mara kwa mara, hilo ni jambo kubwa.

Ukurasa wa dawa uandikwe kwa ukweli, ukiwemo ukweli usiopendeza. Kama umemeza methotreksati, andika siku, kwa kuwa dawa hiyo katika ugonjwa huu humezwa mara moja kwa wiki na kamwe si kila siku. Kuikosea ni hatari kwa maisha. Kama ulinunua prednisoloni au diklofenaki duka la dawa bila cheti, andika ni vidonge vingapi. Prednisoloni hushusha alama haraka, na daktari asiyejua ataisifia dawa nyingine. Tena aliyeitumia kwa wiki kadhaa asiikate ghafla. Mwezi wa Ramadhani andika saa mpya za kumeza dawa, na utaje mitishamba na mafuta ya kuchua bila haya. Daftari lililofichwa nusu humpotosha daktari kuliko kutokuwa na daftari.

Yapo mambo yasiyosubiri Ijumaa wala tarehe ya kliniki. Kiungo kimoja kinachovimba ghafla, kikawa cha moto, kikaambatana na homa, kinahitaji hospitali siku hiyo hiyo. Mtumiaji wa methotreksati akipata homa, vidonda mdomoni, au kikohozi kikavu na pumzi kubana, naye aende bila kungoja, na mwanamke anayetarajia kushika mimba amweleze daktari mapema kabla ya mimba.

Siku moja kabla ya kliniki, hamishia kwenye karatasi moja alama ya mahudhurio yaliyopita, alama ya sasa, muda wa kukakamaa asubuhi, kazi moja iliyokushinda, na swali moja unalotaka lijibiwe. Mpe daktari karatasi hiyo mara tu mkishaamkiana, kabla ya kuulizwa unaendeleaje. Daktari wa leo huenda si yule wa mara iliyopita, na kwa wanaokwenda Dar es Salaam au Moshi huenda hata faili si lile, kwa hiyo mwombe kwa upole aandike jumla yako kwenye faili na kwenye daftari lako, pamoja na lengo mlilokubaliana kufikia kabla ya tarehe ijayo. Akiwa na haraka, mwachie muuguzi karatasi aibandike ndani ya faili, nawe ubaki na daftari.