Kupima ndege na kutafuta kitovu cha uzito

Ingiza ndege bandani, funga milango: upepo kidogo tu juu ya bawa hupunguza namba kwenye mizani. Osha ndege, toa mafuta kama kitabu cha mtengenezaji kinavyoagiza, kisha hakiki vifaa kwa orodha. Bisibisi iliyosahaulika chini ya kiti nayo hupimwa.

Ikishakaa juu ya mizani, isawazishe kwa pimamaji na uachie breki. Breki zikibana, magurudumu husukuma mizani kwa ubavu na namba hudanganya. Kwenye namba ya mizani, punguza uzito wa kabari zinazozuia magurudumu.

Sasa hesabu ya kitovu cha uzito, yaani pale ambapo ndege ingekaa sawa ikiegemezwa hapo tu. Gurudumu la mbele lina kilo 200, mita 1 kutoka mstari wa sifuri, yaani pale umbali wote unapoanza kupimwa. Mawili ya nyuma yana kilo 310 kila moja, mita 2.5. Zidisha uzito kwa umbali: 200 na 1,550, jumla 1,750. Gawa kwa kilo 820: kitovu kiko mita 2.13. Umbali upime mwenyewe kwa timazi. Wa kitabuni hubadilika miguu ya ndege inapobonyea.

Kitovu kikizidi nyuma, ndege hukosa utulivu na rubani hupata shida kushusha pua. Rudia upimaji kabla ya kumlaumu fundi.