Kwa nini niliweka seva yangu nyumbani, na wewe waanzaje

Kila anayekuja kwangu hapa Mkomani huniuliza ile laptopu kuukuu juu ya kabati yafanya nini usiku kucha, basi leo naandika nimalize.

Ile ndo seva, yaani kompyuta ikaayo yawaka muda wote ikihifadhi vitu ambavyo simu zetu zavifuata humo. Ndani kuna picha za familia kwenye Immich na kalenda ya wageni wa kupanga vyumba kwenye Nextcloud, zote programu za bure. Mei 2024 nyaya za chini ya bahari zilipokatika intaneti ikawa yajikongoja, mgeni kashafika na hamali kashatua mizigo mlangoni na mimi natazama kiduara kwenye simu chazunguka tu, manake bukingi zote zilikuwa huko nje kwenye intaneti. Saa hii mtandao ukifa simu yaipata seva kwa waifai ya ndani. Halafu picha, Google Photos tangu Juni 2021 zahesabiwa ndani ya zile GB 15 za bure, na ukiwa na watoto watatu hizo hazifiki Idi.

Usinunue kitu kipya. Tafuta laptopu yenye RAM ya GB 8, weka Debian (mfumo wa bure wa kuendesha kompyuta, badala ya Windows) kisha Docker (programu inayoendesha programu nyingine kila moja kivyake), Immich wana faili lao la compose tayari, lile linaloiambia Docker namna ya kuiwasha, wabadilisha paswadi na folda ya picha tu. Fungua /etc/systemd/logind.conf uandike HandleLidSwitch=ignore, uiwashe upya, la sivyo ukifunga kifuniko inalala. Kwenye ruta ipe hiyo laptopu anwani isiyobadilika, simu ziipate pale pale siku zote. Uzuri wa laptopu ni betri, stima ikikatika haizimi hapo hapo (ukiona betri imevimba itoe haraka), ila ruta nayo yataka kabetri kake. Hizi kuta zetu za matumbawe zameza waifai, vuta waya. Na usiiweke dirisha la baharini, yangu ya kwanza ilishika kutu kwenye matundu ya USB.

Ukiwa nje ya nyumba tumia Tailscale (programu inayounganisha simu na seva kwa njia ya siri), usifungue poti kwenye ruta, yaani mlango wa kuingilia kutoka intaneti. Barua pepe usijaribu kuziendesha kwenye seva yako mwenyewe, zitaishia kwenye spamu za watu.

Bekapu sasa, yaani nakala za akiba. Mimi nina hadidiski mbili, moja iko kwa dadangu Malindi, twabadilishana akija. Mara ya kwanza nilijaribu kurudisha picha za harusi nikakuta folda tupu, skripti (maagizo niliyoandika ya kunakili yenyewe) ilikuwa yanakili pasipo kitu miezi miwili, kwa hivo wewe jaribu kurudisha hata picha moja siku hiyo hiyo.