Somo: Uzi wa neva unavyosonga mbele, hatua kwa hatua

Habari za jioni kutoka Mikindani, ndugu zangu. Mwezi uliopita mdogo wangu alijikata shina la kidole kwa panga akipalilia mikorosho Newala. Daktari alimshona neva, lakini ncha bado ina ganzi. Kila siku ananiuliza, "Kaka, hisia itarudi lini?" Chukueni kalamu tuchore.

1. Chora seli ya neva na mkia wake mrefu, aksoni. Ncha inayokua ichore kama kiganja kilichokunjuliwa. Hiyo ni koni ya ukuaji, aliyoieleza Santiago Ramón y Cajal wa Hispania mwaka 1890.

2. Ndani ya mkia chora mirija, mikrotubuli, yenye upana wa nanomita 25 hivi. Ni njia ya kupitishia mizigo hadi kwenye ncha.

3. Hapa tusiharakishe. Kwenye vidole vya koni chora nyuzi za aktini. Zinajengwa nchani, na papo hapo protini ya miosini inazivuta kurudi nyuma. Nyuma! Sasa koni inasongaje? Mtazame mvuvi kwenye maji ya magotini na upondo wake. Upondo ukishika mchanga, anasukuma kwa nyuma na mtumbwi unakwenda mbele. Ukizama kwenye tope, anahangaika palepale. Koni nayo ina protini za kushikia chini. Zisiposhika, aktini inarudi bure.

4. Upande ulioshika, mikrotubuli huingia na kutulia. Kwingine huporomoka. Hivyo ndivyo aksoni inavyokata kona.

Maswali

Mwalimu, nani anaionyesha njia?
Kemikali za jirani. Netrini huziita baadhi ya aksoni na kuzifukuza nyingine, kutegemea vipokezi vyake. Semaforini 3A huikunja koni kabisa.

Mama mdogo anatumia dawa za saratani, vidole vinamchoma. Vinahusiana?
Inawezekana, ndugu yangu. Vinkristini huzuia mikrotubuli isijengwe, paklitakseli huizuia isivunjike. Seli za saratani hushindwa kugawanyika, ila neva ndefu nazo huumia. Asiache dawa, amweleze daktari wake mapema.

Na kidole cha mdogo wako?
Neva ya mkononi ikianza kuota huenda kama milimita 1 kwa siku. Nimepima kwa rula: kutoka kwenye kovu hadi nchani ni milimita 45. Jana nilimgonga kwa kalamu sentimita 1 mbele ya kovu, akashtuka: "Kaka, imepita kama umeme!" Mshtuko huo unaonyesha ncha za aksoni zimefika hapo, nami nimeweka alama ya wino.