Pailoti iliyokataliwa: namna ya kuirudisha ndani ya tamthilia

Februari moja tulirekodi pailoti, yaani episodi ya majaribio ya kuonyesha kituo kabla ya tamthilia yenyewe, kule Hombolo, Dodoma, kwenye mashamba ya zabibu. Dakika arobaini na mbili, siku tisa za kazi, pesa za kukopa. Kituo kimoja cha televisheni kikaitazama, kikasema hapana. Mwaka mmoja na nusu baadaye kikaitaka hadithi ileile, lakini ianze upya, na baadhi ya waigizaji wabadilishwe. Bajeti waliyotupa ilitosha episodi kumi na mbili kasoro moja. Hiyo moja ikabidi itoke kwenye diski iliyokuwa kabatini.

Mimi ni mhariri wa picha. Nitakueleza tulivyofanya, pamoja na tulipoharibu.

Hatua ya 1: Tazama futeji yote ghafi, usitazame pailoti

Pailoti iliyokwisha kuhaririwa itakudanganya, kwa sababu ina muziki na ina maamuzi ya zamani. Rudi kwenye futeji ghafi, yaani klipu zilivyotoka kwenye kamera. Andika kwenye daftari ni klipu ipi ina uso wa nani, mdomo unaonekana au hauonekani, sauti safi au chafu. Kazi hii ilinichukua siku tatu, na ndiyo iliyookoa kila kitu kilichofuata.

Hatua ya 2: Soma mikataba

Mikataba ya pailoti mara nyingi huandikwa kwa kazi moja tu. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 inamlinda pia mwigizaji, si mwandishi peke yake. Mpigie simu kila mtu anayeonekana, kubalianeni malipo, aweke sahihi. Na episodi ikikamilika, ipeleke Bodi ya Filamu kama kazi mpya. Basi, tuendelee.

Hatua ya 3: Ipe hadithi sababu ya kutazama nyuma

Hapa ndipo watu wengi huanguka. Wanachomeka futeji ya zamani katikati ya mpya halafu wanaomba Mungu mtazamaji asigundue. Atagundua. Kwa hiyo mfanye mhusika mwenyewe awe ndiye anayetazama ya zamani, au anayeisimulia.

Wamarekani walilifanya hili kitambo. Pailoti ya kwanza ya Star Trek, tamthilia ya safari za angani, ilikataliwa na kituo cha NBC mwaka 1965. Walipokubaliwa kwa pailoti ya pili na kazi ikaanza kuwalemea, mwanzilishi wake, Gene Roddenberry, aliandika kesi: mhusika Spock anashtakiwa, na ushahidi unaoonyeshwa mbele ya mahakama ni picha za safari ya zamani, yaani ile pailoti. Ikatoka episodi ya sehemu mbili, The Menagerie, iliyorushwa Novemba 1966, na mwaka uliofuata ikapata tuzo ya Hugo, ya hadithi za kisayansi. Tamthilia ya vichekesho Gilligan's Island walitumia njia nyepesi zaidi: katika episodi ya Krismasi ya 1964 wahusika wanakumbuka siku yao ya kwanza kisiwani. Lost in Space, tamthilia nyingine ya angani, mwaka 1965, waliikata pailoti vipande wakavitawanya katika episodi za mwanzo, huku wakipachika matukio mapya ya Daktari Smith na roboti, ambao kwenye pailoti hawakuwemo kabisa. Njia hiyo ya tatu ni ngumu. Usiijaribu mara ya kwanza.

Sisi tuliiba wazo la kesi, sina haya kusema. Hadithi yetu ina mgogoro wa shamba, na mgogoro wa shamba kwetu huanzia kwenye baraza la kata. Tukarekodi siku mbili tu: wazee kwenye benchi, mama mjane amesimama, anaulizwa, "Mama, shamba hili ulilipataje?" Anaponyamaza kidogo kabla ya kujibu, tunaingia Hombolo.

Hatua ya 4: Shughulikia sura zilizobadilika

Kwenye Star Trek, Jeffrey Hunter aliyekuwa nahodha Pike hakuwepo tena. Wakamweka mwigizaji mwingine, Sean Kenney, kwenye kiti, uso umeungua, hawezi kusema. Ajali ikawa sehemu ya hadithi.

Kwetu aliyebadilika ni kijana, Yohana. Yule wa zamani alikuwa ameshahamia Mwanza. Badala ya kumficha, tulimgeuza kuwa mtu mwingine: Mazengo, kaka mkubwa wa Yohana, aliyefariki. Kwa hiyo mama hakutakiwa tena kuita "Yohana". Mahali ambapo alikuwa amegeuka au yuko mbali, tuliweka sauti mpya akiita "Mazengo". Palibaki pahali pamoja tu ambapo mdomo wake ulionekana wazi kabisa. Hapo nilifunika kwa picha ya kishada cha zabibu kilichorekodiwa Septemba.

Usishangae. Dodoma zabibu huvunwa mara mbili kwa mwaka, Februari hadi Machi na tena Agosti hadi Septemba. Kishada kilikuwa kimeiva vilevile. Ilibidi tu kamera isogee karibu sana, maana nyuma yake pamekauka.

Hatua ya 5: Fremu na ukubwa

Pailoti tulirekodi kwa fremu 30 kwa sekunde, yaani picha 30 zinazofuatana, tamthilia kwa 25. Ukitupa klipu ya 30 kwenye taimulaini ya 25, yaani mstari wa kupangia klipu, programu itafuta fremu moja katika kila sita, na kamera inapozunguka utaona picha inarukaruka. Matukio ya mazungumzo niliyaacha hivyohivyo, kwani watu wamekaa. Matukio yasiyo na maneno niliyachezesha kwa fremu 25, fremu zote zikabaki. Klipu ya sekunde 60 ikawa ya 72. Mama anatembea polepole kidogo, kama mtu anavyotembea kwenye kumbukumbu. Ukubwa usikusumbue: kama kituo kinapokea picha ya pikseli 1920 kwa 1080, hariri kwa ukubwa huo, usiivute futeji ya zamani iwe 4K, ukubwa wa juu zaidi ya huo.

Hatua ya 6: Rangi

Februari Dodoma ni kijani, mibuyu ina majani. Septemba ni vumbi na matawi matupu. Mwanzoni niliona hili kama janga, nikaanza kufifisha kijani. Mwongozaji akanishika mkono: "Kaka, acha. Hiyo ndiyo zamani yake." Alikuwa sahihi. Tofauti ya majira ilimweleza mtazamaji wakati bila maandishi kwenye skrini. Na tafadhali, usiipake futeji ya zamani ile rangi ya kahawia ya video za harusi.

Hatua ya 7: Sauti

Picha mbaya husamehewa. Sauti ikibadilika ghafla, mtu anashika rimoti. Upepo wa Hombolo ulikuwa umejaa kwenye maikrofoni za pailoti, ilhali ukumbi wa baraza ulikuwa kimya. Nilijaribu kuusafisha, sauti za watu zikawa kama zinatoka ndani ya ndoo. Nikafanya kinyume: nikakata sekunde ishirini za upepo mtupu kutoka kwenye klipu za zamani, nikauanzisha taratibu ukumbini, mama akiwa bado amesimama mbele ya wazee. Upepo unafika kabla ya picha. Tunaporudi barazani, unabaki sekunde mbili ndipo unazimika.

Kama hukurekodi sauti ya mahali penyewe, tafuta pale mwongozaji alipochelewa kusema "kata". Huwa ipo.

Hatua ya 8: Mwonyeshe asiyejua

Si mwigizaji wala mke wa mwongozaji. Mimi nilimwita jirani yangu wa Area C, fundi cherehani, nikamkalisha na chai. Alitazama mpaka mwisho akauliza swali moja: "Huyo kaka aliyekufa, mbona kwenye baraza hakuna anayemlilia?"

Tukarudi tukarekodi mstari mmoja zaidi.